Chopa ya fremu ngumu

Chopa ya fremu ngumu ni pikipiki iliyorefushwa mbele na kupunguzwa vifaa, ambayo gurudumu lake la nyuma limefungwa moja kwa moja kwenye fremu bila springi wala shokapu. Foku yake ya mbele ni ndefu na imelala, kiti kiko chini, usukani mara nyingi uko juu, na vikanyagio vya miguu viko mbele kando ya injini au mbele yake. Kinachoitenga na pikipiki nyingine si sura peke yake. Kila kinachogongwa na gurudumu la nyuma humfikia mwendeshaji mgongoni, na mkao wake humnyima nafasi ya kujikinga kwa miguu.

Katika Tanzania neno "chopa" hutumika zaidi kumaanisha helikopta, hasa majira ya kampeni za uchaguzi. Makala hii haihusu chombo hicho.

Katika Mkoa wa Kagera pikipiki iliyozoeleka ni ya bodaboda, yenye shokapu mbili nyuma. Lakini barabara za Bukoba na Muleba, zenye lami, matuta, changarawe na vilima katika safari moja, zinafaa sana kuonyesha tofauti kati ya chombo chenye shokapu na kisicho nazo. Kwa sababu hiyo safari ya kutoka kata ya Bilele katika Manispaa ya Bukoba hadi Muleba inatumiwa kama mfano hapa chini.

Jina na asili

Jina limetokana na kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kukatakata. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vijana wengi wa Marekani, baadhi yao askari waliorudi nyumbani, walinunua pikipiki kubwa na kuzipunguzia uzito: madigadi ya mbele yalitolewa, ya nyuma yalikatwa, na kila kisichohitajika kwa mwendo kiliachwa karakana. Pikipiki hizo ziliitwa boba. Katika miaka ya 1960 mtindo huo ulizaa chopa yenyewe, ambayo haikuishia kupunguza bali ilikata pia shingo ya fremu na kubadili pembe yake ili kupokea foku ndefu.

Dunia iliifahamu zaidi chopa kwa filamu Easy Rider ya mwaka 1969, iliyoigizwa na Peter Fonda na Dennis Hopper. Pikipiki za filamu hiyo zilitokana na Harley-Davidson zilizokuwa za polisi. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba kazi ya kuzibuni na kuziunda ilifanywa na Wamarekani Weusi wawili wa Los Angeles, Cliff Vaughs na Ben Hardy, na kwamba majina yao hayakuwekwa kwenye orodha ya wahusika wa filamu. Kwa muda mrefu waliopenda pikipiki hizo hawakujua ni mikono ya nani iliyozitengeneza.

Fremu ngumu, kwa upande mwingine, haikubuniwa na watu wa chopa. Ndiyo iliyokuwa fremu ya kawaida ya pikipiki kwa zaidi ya nusu karne. Chombo cha Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach cha mwaka 1885, kinachohesabiwa na wengi kuwa pikipiki ya kwanza yenye injini ya petroli, kilikuwa na fremu ya mbao na magurudumu ya mbao yenye vyuma. Tairi la kujaza upepo, ambalo John Boyd Dunlop alilitengeneza mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli, ndilo lililokuwa ahueni ya kwanza kwa mgongo wa mwendeshaji, na kwa pikipiki za fremu ngumu lilibaki kuwa karibu ahueni pekee.

Pikipiki ya Kiingereza BSA M20, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1937 na kutumiwa kwa wingi na jeshi la Uingereza wakati wa vita, ilikuwa na springi kwenye foku ya mbele, lakini nyuma ilikuwa chuma kitupu. Kampuni ya Harley-Davidson iliweka shokapu za nyuma kwenye pikipiki zake kubwa mwaka 1958. Kwa hiyo mtu aliyeunda chopa miaka ya 1960 kwa kutumia Harley ya mwaka 1950 hakuondoa shokapu ya nyuma: haikuwapo. Ni baadaye, pikipiki zote mpya zilipokuwa na shokapu, ndipo fremu ngumu ikawa jambo la kuchagua. Mvuto wake ni mstari mmoja ulionyooka kutoka shingo ya usukani hadi ekseli ya nyuma, usiokatwa na kitu. Mwaka 1984 Harley-Davidson yenyewe ilianza kuuza pikipiki iitwayo Softail, ambayo shokapu zake zimefichwa chini ya injini ili fremu ionekane kama ngumu. Kiwanda kilikuwa kimetambua kwamba wapo wateja wengi wanaopenda sura ya fremu ngumu lakini hawataki maumivu yake.

Namna mshtuko unavyosafiri

Katika pikipiki ya bodaboda kama Bajaj Boxer au TVS, gurudumu la nyuma limeshikwa na mkono wa chuma wenye bawaba nyuma ya injini. Shokapu mbili zimeunganisha mkono huo na fremu. Gurudumu likipanda jiwe lenye kimo cha sentimita 5, gurudumu na mkono wake hupanda, springi hubanwa, na mafuta yaliyomo ndani ya shokapu hulazimishwa kupita kwenye matundu madogo. Msuguano wa mafuta hayo hugeuza nguvu ya mshtuko kuwa joto. Injini, tangi, mzigo na watu hupanda kidogo tu, tena taratibu.

Kwenye fremu ngumu hakuna kinachobanwa isipokuwa tairi. Jiwe lilelile hunyanyua sehemu yote ya nyuma ya pikipiki kwa mara moja, pamoja na chuma, injini na mtu. Hesabu yake ni rahisi. Ikiwa umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 1.8, na kiti kiko sentimita 40 mbele ya ekseli ya nyuma, basi gurudumu la nyuma likipanda sentimita 5 kiti hupanda karibu sentimita 4. Tairi likibonyea hupunguza kiasi fulani, na kama kiti kina springi mbili za mviringo chini yake, mfano wa kiti cha baiskeli, nazo hupunguza. Zaidi ya hapo, kinachobaki ni nyama ya makalio na gegedu zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo.

Kinachochosha zaidi si jiwe moja moja bali mshtuko unaojirudia. Barabara ya vumbi iliyopitiwa na magari mengi hujiunda matuta madogo yanayofuatana kama bati. Tuseme umbali kati ya tuta na tuta ni sentimita 75. Pikipiki inayokwenda kilomita 36 kwa saa hupita mita 10 kila sekunde, kwa hiyo hupigwa mara 13 hivi kwa sekunde. Ikipunguza hadi kilomita 13 au 14 kwa saa, hupigwa mara 5 kwa sekunde. Mtu angedhani mwendo huo wa polepole ni nafuu, lakini mwili wa binadamu aliyekaa huathirika zaidi na mtikisiko wa juu na chini wa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, na kiwango cha kimataifa cha kupima mitikisiko ya mwili, ISO 2631, kinauhesabu mtikisiko wa eneo hilo kuwa mzito kuliko mingine. Ni sawa na bembea inayosukumwa kwa wakati wake: msukumo mdogo huleta mwendo mkubwa. Tumbo na kifua hutikisika pamoja na barabara.

Akiongeza mwendo, mwendeshaji hupata nafuu ya tumbo lakini huingia katika taabu nyingine. Gurudumu la nyuma halifuati tena mabonde ya bati. Huruka kutoka kilele hadi kilele. Gurudumu lililo hewani halina mshiko. Breki ikikanyagwa wakati huo hulifunga mara moja, na likitua pikipiki huenda upande. Hii ndiyo sababu kubwa ya kiusalama ya kuwapo kwa shokapu. Watu wengi hudhani kazi yake ni starehe, na starehe ni kweli imo, ila kazi yake ya kwanza ni kulirudisha tairi ardhini.

Si sahihi pia kufananisha fremu ngumu na pikipiki yenye shokapu zilizokufa. Shokapu iliyovuja mafuta bado ina springi, kwa hiyo pikipiki huendelea kupanda na kushuka mara kadhaa baada ya shimo moja. Fremu ngumu hupiga mara moja na kuacha. Waendeshaji wake husifu jambo hilo: kwenye lami laini iliyonyooka nyuma haichezi wala haizami wakati wa kuongeza mwendo, mnyororo haubadiliki mkazo kwa sababu ekseli haisogei, na mtu anahisi kupitia kiti hali ya barabara ilivyo, kama ni kavu, yenye mchanga au iliyopasuka.

Mkao

Mwendeshaji wa BSA ya zamani alikuwa na vikanyagio chini yake, karibu usawa wa magoti. Akiona shimo aliinuka kidogo juu ya miguu, na magoti yakafanya kazi ya shokapu. Mwendesha baiskeli aliyebeba mikungu ya ndizi kwenda sokoni hufanya hivyohivyo bila kufundishwa na mtu: hunyanyuka kwenye pedali kabla ya gurudumu la nyuma kufika kwenye jiwe.

Kwenye chopa miguu imenyooshwa mbele. Mtu hawezi kusimama juu ya kitu kilicho mbele yake. Akijaribu, atakuwa anajivuta kwa usukani. Uzito wake wote umekaa kwenye makalio na kifandugu, mgongo umepinda kidogo kwa nyuma, na mikono imenyanyuliwa. Ndiyo maana watu waliozoea pikipiki za zamani za fremu ngumu wanaweza kushangazwa na chopa. Chuma ni kilekile, ila springi ya mwisho iliyokuwa imebaki, yaani magoti, imeondolewa.

Wanaoziendesha safari ndefu huzoea mambo machache. Hutazama mbali zaidi kuliko mwendeshaji wa kawaida, kwa kuwa njia bora ya kukabili shimo ni kutolipita. Hukaza misuli ya tumbo kabla ya kugongwa badala ya kukaa kama gunia. Wengine hufunga mkanda mpana kiunoni, desturi iliyokuwapo tangu enzi za pikipiki za zamani, ili kuushikilia mgongo na tumbo. Husimama mara kwa mara, hata kama mafuta hayajapungua. Mtu mwenye tatizo la pingili au gegedu za mgongo hashauriwi kabisa kujaribu, na mkanda haumbadilishii hali hiyo.

Usukani na kona

Sehemu ya mbele nayo ina tabia zake. Katika pikipiki ya kawaida foku imelala kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30 hivi kutoka mstari wima. Kwenye chopa huweza kufika nyuzi 40 au zaidi. Mstari wa shingo ya usukani ukirefushwa hadi ardhini hugusa mahali palipo mbele ya pale tairi linapogusa ardhi, na umbali kati ya sehemu hizo mbili ndio unaolifanya gurudumu lijinyooshe lenyewe, kama magurudumu ya meza ya hospitali yanavyogeuka kufuata msukumo. Kwa gurudumu lenye nusu kipenyo cha milimita 310, pembe ya nyuzi 27 na ekseli iliyosogezwa mbele milimita 60 kutoka mstari wa shingo, umbali huo ni sentimita 9 hivi. Kwa gurudumu la milimita 330, pembe ya nyuzi 45 na msogeo uleule, unafika karibu sentimita 25.

Matokeo yake ni mawili yanayopingana. Barabarani, kwa mwendo wa kilomita 70 au 80 kwa saa, chopa hushika mstari kama treni; upepo wa pembeni au jiwe dogo haliigeuzi kwa urahisi. Lakini kwa mwendo wa mtu anayetembea, gurudumu la mbele hutaka kuanguka upande mara tu usukani unapogeuzwa, na uzito huo wote hubebwa na mikono. Kugeuza chopa ndani ya barabara nyembamba ni kazi ya kwenda mbele na kurudi nyuma mara mbili au tatu, miguu ikiwa chini. Aidha, foku ya kawaida yenye springi ndani ikilazwa sana hupinda badala ya kuteleza vizuri, kwa hiyo hata shokapu za mbele zilizopo hazifanyi kazi yake kikamilifu.

Mfano wa Bilele hadi Muleba

Bukoba iko ufukweni mwa Ziwa Viktoria, na mji unaanza chini karibu na maji kisha unapanda kuelekea juu ya vilima. Mwendeshaji anayetoka Bilele angekutana kwanza na ugumu wa chopa kwenye mwendo mdogo: bodaboda zinazoingia bila ishara, mikokoteni, watembea kwa miguu, na kona zinazohitaji mzunguko mfupi kuliko chombo kinavyoweza. Bodaboda hupenya; chopa husubiri. Injini nazo, hasa zile za kupozwa kwa hewa, hupata joto zikikaa kwenye msongamano.

Kupanda kuelekea Rwamishenye si shida, kwa kuwa injini kubwa ya silinda mbili ina nguvu tangu mzunguko wa chini na uzito mwingi uko nyuma. Kushuka ndiko kunakohitaji akili. Pikipiki ikishuka huhamishia uzito mbele na kuliacha gurudumu la nyuma likiwa jepesi, na kwenye fremu ngumu gurudumu jepesi hurukaruka. Breki ya mbele inapaswa kushikwa taratibu, gia ikiwa imepunguzwa mapema.

Baada ya hapo ipo lami ya kuelekea Kemondo, Muhutwe na Muleba, safari ya zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini. Mahali lami ilipo nzima chopa hupata nafasi ya kujieleza. Mwendeshaji amekaa chini kiasi kwamba barabara inaonekana kupita kando ya magoti, mapigo ya injini yanasikika kama ngoma moja moja badala ya mlio mmoja, na mashamba ya migomba na kahawa hupita bila haraka. Hakuna sababu ya kwenda mbio. Mikono iliyonyanyuliwa na kifua kilicho wazi hukamata upepo kama tanga, na zaidi ya kilomita 90 kwa saa mabega huanza kuchoka kwa kujishikilia. Watu wengi wanaopenda chombo hiki wanakipenda kwa ajili ya vipande kama hivi vya barabara, na kuwaambia kwamba pikipiki nyingine ni bora kwa kila kipimo ni kupoteza muda.

Kisha huja matuta. Penye shule, zahanati au senta, lami huwekewa matuta ya kupunguza mwendo na mara nyingine rasta, yaani mistari minene iliyopangwa karibu karibu. Tuta kubwa ni tatizo la kimo: tumbo la chopa liko chini na umbali kati ya magurudumu ni mrefu, hivyo fremu huweza kukwama au kukwaruza juu ya tuta. Hupitwa kwa mwendo wa kutembea na kwa kunyooka, kamwe si kwa kona. Rasta ni tatizo la mtikisiko uliokwisha kuelezwa, na hapo mwendeshaji hana la kufanya ila kupunguza mwendo na kuvumilia.

Akiacha lami kuingia njia za vijijini, hali hubadilika kabisa. Bukoba ni kati ya miji inayopata mvua nyingi zaidi Tanzania, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo huosha udongo mwekundu na kuacha mawe yamechomoza. Njia ambayo bodaboda mwenye Boxer huipita akiwa na abiria na gunia, kwa chopa ni ya kusukuma. Gurudumu la mbele jembamba huzama kwenye tope, na kwa kuwa liko mbali mbele likianza kuteleza mwendeshaji hulipata akiwa amechelewa. Bodaboda za Kagera hazikuchaguliwa kwa urembo. Kimo chake, vikanyagio vilivyo chini ya mwili na springi za nyuma zilizotengenezwa kwa mzigo ni majibu ya barabara hizihizi.

Abiria

Abiria wa chopa ya fremu ngumu, kama kuna nafasi yake, hukaa juu ya digadi ya nyuma, yaani juu kabisa ya ekseli. Kwa hesabu iliyotangulia, mwendeshaji hupanda sentimita 4 na abiria hupanda zote 5. Aliyewahi kukaa siti ya mwisho ya basi la kwenda mikoani anajua tofauti hiyo. Tena abiria haoni shimo linalokuja, wala hana usukani wa kushika. Huwekewa nguzo ya chuma ya kuegemea mgongo ili asirushwe nyuma. Mjamzito, mtoto na mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji hawafai kupakiwa. Mshikaki, kama kunavyoitwa kupakia abiria zaidi ya mmoja, ni hatari kwenye pikipiki yoyote. Kwenye chopa haina hata pa kukaa.

Vyombo vingine visivyo na shokapu

Mtu asiyewahi kuiona chopa anaweza kupata picha kamili ya fremu ngumu kwa kukaa kwenye keria ya baiskeli aina ya Phoenix au Raleigh kwenye barabara ya changarawe. Baiskeli za mizigo za Afrika ya Mashariki zote ni za fremu ngumu, na sababu zake ni zilezile zilizowafanya watengenezaji wa pikipiki wa mwanzo wazichague: ni rahisi kutengeneza, ni imara kwa mzigo, na hakuna bawaba ya kuchakaa.

Mfano wa mbali zaidi uko Goma, mashariki mwa Kongo, ambako chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili chenye usukani mpana, hubeba viazi, makaa na mbao juu ya barabara za mawe ya volkeno. Chukudu haina injini wala springi, na kwa umbo lake refu la kulala wageni wengi huifananisha na chopa. Anayeisukuma huweka goti moja kwenye kipande laini juu ya ubao na kusukuma kwa mguu wa pili. Kwenye mteremko huipanda. Goti hilo lililokunjwa ndilo shokapu yake.

Kukata na kuchomelea fremu

Mvuto wa chopa huwafanya baadhi ya watu watamani kugeuza pikipiki waliyonayo. Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Fremu ya pikipiki ndogo ya sisi 100 au 150 imetengenezwa kwa mabomba membamba, na kiwanda kilihesabu nguvu zitakazopita katika kila kiungo. Foku ikirefushwa huwa nyenzo ndefu zaidi, hivyo breki ileile ya mbele huibana shingo ya fremu kwa nguvu kubwa kuliko iliyokusudiwa. Shingo ikipasuka, gurudumu la mbele hutengana na mwendeshaji, na haitoi onyo zaidi ya ufa mdogo chini ya rangi.

Nyuma pia si suala la kutoa shokapu na kufunga vipande vya chuma mahali pake. Sehemu zinazoshika shokapu zilipangiwa kupokea nguvu iliyokwisha kupunguzwa na springi. Zikipokea pigo zima hupasuka, au bolti ya mkono wa nyuma hulika. Fremu ngumu ya kweli ina pembetatu mbili zilizokamilika kutoka chini ya kiti hadi ekseli, moja kila upande, kama baiskeli. Waundaji wenye ujuzi wakiunga bomba huingiza kipande kingine cha bomba ndani ya kiungo kabla ya kuchomelea, na hufunga fremu kwenye meza maalumu ili magurudumu mawili yabaki katika mstari mmoja. Kuchomelea bomba hilo juu juu kama geti la nyumba hakutoshi.

Uswidi, ambayo inajulikana kwa chopa zenye foku ndefu kupita kiasi, ina pia ukaguzi mkali wa magari yaliyoundwa na watu binafsi. Mambo hayo mawili yameishi pamoja kwa miongo kadhaa. Kwa mtu anayeishi kwa kubeba abiria, fremu iliyokatwa ina maana nyingine pia: pikipiki ikivunjika shingo, kama yeye na abiria wamenusurika, kazi yake imekwisha siku hiyo.

Matunzo

Mtikisiko unaomfikia mwendeshaji huufikia pia kila nati. Kwenye fremu ngumu yenye injini iliyofungwa bila mpira, bolti za digadi, bomba la moshi na namba hulegea mara kwa mara, na wamiliki hutumia gundi ya nati au nati mbili zinazobanana. Spoku hukaguliwa kwa kuzigonga moja moja kwa spana: iliyolegea hutoa sauti nzito. Tangi huweza kuanza kuvuja kwenye masikio yanayolishika. Balbu zenye waya ndani hufa mapema kuliko kawaida, ndiyo maana wengi wamehamia taa za LED.

Upepo wa tairi la nyuma hupimwa likiwa baridi, kabla ya safari. Likijazwa sana, springi pekee iliyobaki huwa jiwe. Likipunguzwa mno, rimu hugonga kwenye shimo la kwanza na tairi hupata joto kwenye lami. Kiwango kinachofaa hutafutwa kwa kupunguza kidogo kidogo, bila kushuka chini ya kile kilichoandikwa na mtengenezaji wa tairi kwa uzito linaobeba.

Mnyororo hauhitaji kuachiwa ulegevu mkubwa kama kwenye pikipiki yenye mkono wa nyuma, kwa sababu ekseli haipandi wala kushuka. Aliyezoea bodaboda akiukaza kwa kipimo cha bodaboda atauacha umelegea, nao utapiga kelele na kula sproketi.